Taa Nyeupe za Shemeji

Mume wangu alifanya kazi ya ishara za reli pale Manyoni kwa miaka zaidi ya ishirini, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akisema "taa" bila kusema ni taa gani. Ilikuwa taa nyekundu, taa ya kijani, taa ya mkono, taa ya mlingoti. Aliniambia dereva wa treni gizani haoni kituo wala watu. Anaona rangi moja kwa mbali, na kwa rangi hiyo anaamua kusimama au kupita. Kwa hiyo rangi ikiwa na uchafu, alisema, umemdanganya mtu ambaye hawezi kukuuliza swali.

Reli ilipobinafsishwa walipunguzwa wengi, naye akiwamo. Kiinua mgongo chake hakujengea nyumba kama wenzake. Alikwenda Itigi kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akanunua gari lake. Lilikuwa saluni ya Kifaransa ya kizamani, rangi ya maziwa yaliyochacha, taa za mbele za duara, na taa za nyuma zenye kioo kinene chekundu kama juisi ya rozela. Nilikasirika mwezi mzima. Halafu nikahamishiwa shule moja ya Singida mjini, tukahamia Mandewa na lile gari, naye akanifundisha kuliendesha katika uwanja wa mpira Jumapili mchana, huku wanafunzi wangu wakinichungulia kutoka nyuma ya magoli.

Sukari ilimchukua polepole. Alipokufa, gari lilibaki kwangu, maana aliandika hivyo, na karatasi ninayo mpaka leo. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye ilisemwa kuwa ni gari la ukoo.

Mume wangu alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba, mfanyabiashara pale Utemini. Shemeji huyu alikuwa mtu wa miaka ile hasa, ile miaka ya soko huria kushika kasi, ambapo kila mwenye meza mbele ya nyumba yake alikuwa mwagizaji. Alianza na mitumba, akaenda kwenye redio zinazokufa baada ya Idi, kisha pasi za umeme zinazounguza shuka, kisha tochi. Nilinunua kwake sufuria ambayo mpini wake ulikatika nikiwa nimebeba uji wa moto. Nilipomrudishia alicheka, akasema, "Shemeji, ile ni ya kupikia, siyo ya kubebea." Nami nilicheka. Nikikumbuka kicheko changu cha siku ile najichukia, lakini nilicheka.

Baada ya tochi akaingia kwenye taa za magari, hizi za LED, zilipoanza kufika kwetu.

Gari langu lilikuwa na shida ya kweli, nisimsingizie mtu. Dainamo yake ilikuwa imechoka. Nikiwasha taa na wakati huohuo mvua inanyesha na waipa zinafanya kazi, mshale wa umeme ulishuka, taa zikawa za njano kama kibatari, na gari likaanza kukohoa. Fundi aliniambia kuna njia mbili: nitafute dainamo nyingine, ambayo kwa gari lile ni kama kutafuta sindano shambani, au nipunguze mzigo wa umeme. Shemeji alipata habari hiyo kabla sijafika nyumbani.

Alikuja jioni akiwa na mfuko wa plastiki na betri ya pikipiki.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea dawa ya gari la kaka." Alimwaga vile vitu juu ya kitambaa changu cha meza. Vilikuwa balbu ndogondogo zilizojaa macho ya njano kama mayai ya samaki, na zilitoa harufu ya plastiki mbichi iliyokaa kwenye kontena lenye joto. Akaunga waya mbili kwenye betri.

Sebule yangu ilibadilika. Sijawahi kuiona vile, na sikupenda kuiona. Niliona utando wa buibui kwenye kona, niliona jinsi ukuta ulivyochafuka pale vichwa vya wageni vinapoegemea, niliona vumbi kwenye kioo cha picha ya mume wangu. Ulikuwa mwanga mweupe wenye ubluu, kama wa chumba cha maiti.

"Unaona?" alisema. "Na haili umeme. Hata kidogo. Unawasha zote, waipa, redio, na bado betri imeshiba."

"Zinaumiza macho."

"Hayo ni macho ya zamani, shemeji. Yatazoea."

Kisha akaniambia la moyoni. Binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa huko Shelui, ng'ambo ya mlima Sekenke, na alitaka mtoto aende ukweni ndani ya gari la baba yake mkubwa, likiwa linawaka. Yule binti nilimlea mimi miaka miwili alipokuwa anasoma shuleni kwangu. Nikakubali. Ningekubali hata kama asingemtaja, kwa ajili ya ile dainamo.

Fundi umeme wa magari tuliyemwendea alikuwa na kibanda chake palepale Utemini, mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na gari kabla hajazungumza na mwenye gari. Alifungua taa za nyuma, akatoa balbu za zamani moja moja, akazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga akiwa ameweka pamba chini. Kopo akanipa mimi, siyo shemeji. "Usizitupe, Mwalimu," alisema. "Hizi ni za kioo kizuri."

Balbu mpya ya kwanza haikuwaka. Aliitoa, akaigeuza, ikawaka. Alinieleza kuwa hizi zinataka umeme uingie upande mmoja tu. Ya pili nayo alianza kwa kuigeuza. Hayo yalikuwa madogo. Ilipofika zamu ya indiketa, aliwasha ya kulia, nayo ikakaa inawaka tu bila kukonyeza.

"Imeharibika," alisema shemeji. "Gari bovu."

"Gari zima," alisema fundi. "Flasha ya gari hili inafanya kazi kwa joto. Balbu ya zamani inakula umeme mwingi, na umeme ule unapasha kibati kilichomo ndani. Kibati kikipata moto kinajikunja, kinakata, kikipoa kinarudi. Hizi zako hazili kitu, kwa hiyo kibati kinakaa baridi. Itafutwe flasha ya kisasa."

Flasha ya kisasa ikapatikana, indiketa zikakonyeza. Nilifurahi kama mtoto, na nilimwona fundi anafurahi pia. Mpaka hapo kazi ilikuwa nzuri, na nikisema taa za LED ni mbaya nitakuwa nimesema uongo.

Tulipowasha taa za nyuma ndipo nilipoona kitu cha kwanza cha kunitia kinyaa. Kioo chekundu cha mume wangu kilikuwa kimegeuka waridi, waridi ya ufizi, ya pipi iliyolambwa ikatemwa.

"Balbu hizi ni nyeupe," alisema fundi. "Nyuma ya kioo chekundu inatakiwa balbu nyekundu. Nyeupe hii haina wekundu wa kutosha ndani yake. Na tazama, nikikanyaga breki..." Alikanyaga. "Umeona tofauti?"

Sikuona. Taa ya nyuma na taa ya breki ziling'aa sawasawa. Aliyeko nyuma yangu asingejua lini nimesimama.

"Nyekundu sikuagiza," alisema shemeji. "Boksi zima ni nyeupe. Lakini hilo si tatizo." Akavuka barabara kwenda kwenye saluni ya akina mama, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha. Mbele ya macho yetu akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kuzipaka zile balbu rangi ya kucha kwa kile kibrashi kidogo, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza herufi. Harufu kali ya ile rangi ilijaa kibanda. Fundi alitazama pembeni. Mimi nilikaa pale, mke wa mtu aliyesafisha vioo vya ishara kwa kitambaa cha pamba miaka ishirini, nikamwangalia. Zilipokauka na kurudishwa, waridi iligeuka ya kahawia, kama damu iliyokaa kwenye bandeji.

"Nyekundu hiyo," alisema.

Zikabaki taa za mbele. Fundi alishika balbu mpya mkono mmoja na ya zamani mkono wa pili. "Mwalimu, nikueleze wewe mwenye gari. Hii ya zamani ina waya mwembamba katikati, na kikombe cha taa kimetengenezwa kuchukua mwanga wa waya ule na kuulaza chini barabarani. Hii mpya inatupa mwanga ubavuni. Kikombe hakijui kiufanyie nini. Utaona majani, utaona ndege mtini. Anayekuja mbele yako hataona kitu."

"Na dimu?" niliuliza.

"Dimu na fulu ni ileile."

"Anayekuja mbele atajijua," alisema shemeji.

Hilo neno nalisikia mpaka leo. Alilisema kwa wepesi, akijipangusa rangi kwenye kucha. Fundi alinigeukia mimi akangoja. Mimi ndiye niliyekuwa na kauli. Niliwaza dainamo, niliwaza mvua za masika, niliwaza yule binti na siku yake. Niliwaza pia, niseme ukweli, kwamba nimechoka kubishana na ukoo.

"Fundi," nilisema, "weka."

Siku ya harusi gari lilipambwa riboni nyeupe na za dhahabu kuanzia kwenye boneti hadi kwenye buti. Shemeji alikuwa ameongeza utepe wa taa za bluu chini ya bampa bila kuniuliza. Tulipotoka Mandewa mchana kweupe taa zote zikiwa zinawaka, watu walisimama. Vijana walipiga mluzi. Nilikuwa kiti cha mbele, shemeji anaendesha, bibi harusi nyuma na shangazi zake, na basi dogo la wasindikizaji likifuata. Nami nilipunga mkono. Nilijisikia mtu mkubwa. Hakuna aliyenilazimisha kupunga ule mkono.

Tulimfikisha Shelui salama, tukala, tukaimbiwa. Shangazi na wale wa basi walibaki, lakini mimi kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia, na shemeji alisema ana mzigo wa kupokea. Tukaondoka wawili magharibi inakaribia, tukaanza kupanda mlima Sekenke.

Gari la zamani linapanda mlima ule taratibu. Giza lilikuwa linashuka, bado kuna wekundu kidogo nyuma yetu, na mbele ile nyeupe yetu ilikuwa imetapakaa kila mahali: kwenye mawe, kwenye matawi, kwenye macho ya mbuzi waliochelewa kurudi. Fundi alisema kweli, tuliona kila kitu isipokuwa barabara. Lori moja lililokuwa linashuka lilitupigia honi kwa hasira na kutuwashia fulu. Shemeji alitukana.

"Punguza," nilisema.

"Nipunguze nini, shemeji? Haina dimu. Umesikia mwenyewe."

Kwenye kona ya pili au ya tatu alitokea mtu wa baiskeli, anateremka, na tenga kubwa nyuma yake. Nilimwona kwa uwazi ambao sijawahi kumwona nao mtu usiku wala mchana. Niliona vifungo vya shati lake. Aliinua mkono mmoja akaziba macho, baiskeli ikayumba, ikaacha lami, ikaingia kwenye mtaro wa mawe. Hatukusikia kishindo kwa sababu ya injini. Tulipita.

Sikusema kitu. Hili ndilo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Niliona mtu anaanguka na nikanyamaza kwa kona nzima, nikingoja dereva asimame mwenyewe ili nisiwe mimi wa kusema. Shemeji hakugeuza hata shingo.

"Amejiangukia," alisema. "Hatukumgusa."

"Simama."

"Shemeji, huku ni porini. Watatokea wengine hapa watuvamie."

"Simama, nimesema."

"Tutasimama juu, penye watu."

Nilinyoosha mkono nikazungusha funguo. Injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma, akavuta breki ya mkono huku akipiga kelele kwamba nataka kumuua. Nilifungua mlango nikatembea kurudi chini. Nilipogeuka mara moja kuangalia, niliona gari langu limekaa pale mlimani na zile taa zake za nyuma zenye rangi ya bandeji, na bluu chini ya bampa ikiwaka. Nililionea aibu kama vile ni mtu wa kwetu aliyelewa hadharani.

Yule mtu alikuwa amelala chali mtaroni, mguu wa kushoto umegeuka chini ya goti kuelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, Mnyiramba, shati lake safi. Aliponiona nimeinama juu yake, mtu mzima mwenye mvi, alisema, "Shikamoo, mama."

Niliitika. Nikamuuliza anaumwa wapi zaidi.

"Mguu tu. Ni ule mwanga, mama. Barabara imepotea yote."

Tenga lilikuwa limepasuka na kuku wametapakaa kwenye majani, wengine wamekufa, wengine wanakimbia. Alikuwa akiwapeleka Shelui, kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nilivunja fito mbili za tenga, nikachana kanga yangu ya harusi, nikamfunga mguu kama tulivyofundishwa huduma ya kwanza kwa ajili ya wanafunzi. Alivumilia bila kulia. Shemeji alikuja baadaye na tochi ya simu. Nilimwona anazungukazunguka kwenye majani, anainama, anasimama, anakwenda kwenye gari na kurudi. Nilidhani anatafuta baiskeli. Nilidhani amepata moyo.

Alisaidia kumbeba, hilo simnyimi. Tulimlaza kiti cha nyuma juu ya maua ya harusi yaliyonyauka, baiskeli tukaificha kichakani, tukaelekea hospitali ya Kiomboi. Niliendesha mimi. Nilikwenda pole, na kila gari lilipokuja mbele nilisimama kabisa pembeni na kuzima taa zote mpaka lipite.

Tulikuwa tumeshamaliza mlima niliposikia sauti. Nilidhani ni gari. Halafu ikaja tena kutoka nyuma ya kiti, ndani ya buti: kuku analalamika, na mwingine anamjibu.

Nilimtazama shemeji, naye alikuwa anatazama dirishani. Kisha yule mtu, kwa sauti ya chini, ya heshima, kama anayeomba radhi, alisema:

"Mama, hao ni kuku wangu."

"Wangeliwa na fisi," alisema shemeji haraka. "Nimewaokota tu."

"Umemwambia?" niliuliza.

"Nimwambie nini, mtu anaumwa?"

"Umemwambia kwamba kuku wake uko nao?"

Hakugeuka kutoka dirishani. Wale kuku waliendelea kulia mpaka Kiomboi, na mwenye kuku aliendelea kuwasikiliza.

Walipompokea na kumwingiza ndani, nilirudi uani nikafungua buti. Walikuwa watano, majogoo wote, wakubwa wote. Mitetea na wadogo aliwaacha. Alichagua, kwa tochi, huku mwenye kuku amelala mtaroni hatua chache kutoka pale. Na miguu yao alikuwa ameifunga kwa riboni za dhahabu za harusi ya mwanawe.

"Ni fidia," alisema nyuma yangu, sasa kwa sauti nyingine, bila aibu. "Gari limesumbuka. Mimi nimesumbuka. Nani ataturudishia usiku wetu?"

"Nipe funguo ya akiba niliyokupa ulipopamba gari."

"Shemeji, usiwe hivyo."

"Nipe funguo. Kesho utapanda basi."

Alinitupia. Nilifungua zile riboni, nikampata mpishi wa hospitali aliyenipa boksi la kuwaweka, nikakaa kwenye benchi la wodi. Asubuhi nilipiga simu shuleni kuomba anayesimamia mtihani badala yangu, kisha nikaenda mwenyewe kituo cha polisi kueleza yote: gari ni langu, taa ni za kwangu, aliyeendesha ni nani. Trafiki aliyekuja kuliona gari aliwasha taa za mbele mara moja, akafumba macho, akaniambia niziondoe kabla sijaliendesha tena baada ya jua kuzama. Shemeji akaitwa, akatozwa faini. Mimi pia.

Wiki ile ile kaka mkubwa wa ukoo alituita nyumbani kwake. Nilidhani ananiita kunipa pole. Walikuwa wanaume saba sebuleni na wanawake uani.

"Mwalimu," alisema kaka mkubwa, "mambo ya ndani hayapelekwi polisi. Umemtia doa mdogo wako wiki aliyomwoza binti yake."

Nilieleza habari ya mwanga, ya mguu, ya majogoo. Nilipofika kwenye riboni, mmoja wao alicheka. Siyo kwa ubaya, alicheka tu, kama mtu aliyesikia ujanja wa sungura.

"Kuku ni kuku," alisema mwingine. "Hata hivyo gari ni la marehemu, ni la ukoo. Ungemwachia mwenye kulijua."

Shemeji alikaa akiwa ameinamisha kichwa, na nilipoangalia vizuri niliona anasoma simu. Kikaletwa chakula. Ulikuwa wali, na mchuzi, na vipande vikubwa vya nyama ya kuku. Niliomba maji ya kunawa, nikanawa, nikaaga. Mikono yangu ilikuwa bado inadondosha maji nilipofika barabarani.

Balbu nilizitoa mwenyewe kwa msaada wa yule fundi. Tulizirudisha za zamani kwenye taa za mbele na za nyuma. Kwenye indiketa tukaacha za LED, kwa sababu zilikuwa zinafanya kazi na hazikumdhuru mtu. Rangi ya kucha ilikuwa imeanza kumenyuka na kuganda kwenye soketi, na fundi aliikwangua kwa wembe, akikunja pua. Baada ya hapo sikuendesha tena gizani. Dainamo ile ile, mwanga ule ule wa njano.

Mwenye kuku nilimtembelea alipotoka hospitali. Alikaa karibu na mashimo ya zamani ya dhahabu ya Sekenke, nyumba ya tofali na bati, mkewe akifuga na yeye akiuza. Nilimpelekea majogoo wanne. Wa tano alikufa kwangu Mandewa na nikanunua mwingine, lakini alimtambua mara moja kuwa si wake, akanishukuru hivyohivyo. Mguu wake ulikuwa ndani ya plasta, umenyooshwa kwenye kigoda.

Tulizungumza. Kisha akaniuliza, "Zile taa, mama, umezitoa?"

"Nimezitoa zote za mbele na za nyuma. Ninazo kwenye gari. Nataka kuzitupa kwenye shimo mojawapo hapo kwenu."

Alitazamana na mkewe. "Ungetupa mbili sisi tukaziokota," alisema.

Hawakuwa na umeme. Mtoto wao alikuwa darasa la sita na alisomea kibatari. Nilikwenda kwenye gari nikazileta, na ndugu yao mwenye betri ya pikipiki akaziunga palepale, na chumba kikawa cheupe, na mke wake akapiga makofi. Mimi niligeuza uso. Nilijionea ajabu: aliyeumizwa na mwanga ule alikuwa anaufurahia, na mimi nisiyekuwa na hata mkwaruzo ndiye niliyesikia kichefuchefu. Lakini sikuweza kuutazama, na chai yao nilikwenda kuinywea nje.

Mguu haukupona sawa. Unapinda kidogo, na baiskeli yenye mzigo hawezi tena, kwa hiyo siku za gulio sasa huenda mkewe. Nilikuwa nikipita kwao kila nilipopata safari ya upande ule, mpaka gari nalo lilipokufa injini nikaliuza kwa mtu wa Arusha anayekusanya magari ya aina hiyo. Aliniuliza kwa nini indiketa zina taa za kisasa na nyingine hazina. Nilimwambia ndivyo fundi alivyoona vyema.

Shemeji ana maduka mawili siku hizi, yote ya taa. Kila Idi mkewe hunitumia sahani iliyofunikwa kitambaa, pilau na kuku, na mke huyo hana kosa lolote. Naipokea kwa mikono miwili, namshukuru aliyeileta. Kisha namwita mbwa wa jirani, namwagia chakula chote, naosha sahani na kuirudisha ikiwa safi.